Mkono wa Shaba Mlangoni kwa Sengi

Bagamoyo, 11 Februari 2024

Sengi yangu Kwandu,

Mwangaluka, sengi. Barua hii ikukute umekaa kwenye cherehani yako, mzima, na mvua imenyesha ya kutosha pamba yako. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Winnie anakusalimu. Precious wetu ameanza darasa la kwanza, anaandika jina lake kila siku na kila siku anasahau herufi moja, na siyo ile ile.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Sengi, Krismasi uliniua. Nilisimama mlangoni kwako nikapiga hodi mpaka koo likakauka. Nikarusha vijiwe juu ya bati. Nilipochungulia dirishani nikakuona umeinamia cherehani hutikisiki, nikasema basi, shangazi yangu hayupo tena duniani, na mimi ndiye niliyechelewa. Kumbe ulikuwa unatunga uzi kwenye sindano! Ulinicheka mbele ya watu wote, lakini mimi ile shingo yako sijaisahau mpaka leo.

Kwa hiyo Marcelo, yule kondakta wa basi la Bariadi, atakuletea kifurushi kizito. Usikifungue ukiwa umesimama, kitakuponda vidole. Ndani kuna mkono wa mwanamke, wa shaba, umeshika kitu cha mviringo kama limau. Unaning'inia mlangoni. Mgeni anauinua, anaugonga kwenye kibao cha shaba kilicho chini yake. Sisi mafundi tunakiita kibishio. Ulikuwa kwenye mlango wa nyumba ya mfanyabiashara wa vitambaa hapa mjini. Nyumba ilianguka, wenyewe wakautupa na kifusi, bosi wangu Fundi Kasmiri akauokota akanipa nijifunzie. Anasema ulikuja na meli, labda kutoka Ureno, na umri wake unapita wa babu yake.

Siyo shaba tupu, ni shaba iliyochanganywa na bati, ndiyo maana sauti yake ni nene. Aliyeutengeneza aliuchonga kwanza kwa nta, kila ukucha, kila mkunjo. Akaifunika nta kwa udongo laini uliokandwa na samadi, akachoma, nta ikayeyuka ikatoka, kukabaki uwazi wenye sura ya mkono. Hapo ndipo akamimina shaba. Pini yake ilikuwa imelika, nimetengeneza nyingine. Kile kibao cha chini nimekimimina mimi mwenyewe, sengi, kwa mikono hii uliyoichapa.

Jirani yako Machibya, yeye si seremala? Mwambie bolti zipite ubao mpaka ndani. Halafu cherehani uisogeze iguse fremu ya mlango. Masikio yako yamekufa, lakini miguu yako haijafa. Mtu akibisha, utamsikia kwenye kanyagio.

Mwanao,
Luhaga

* * *

Bariadi, 3 Machi 2024

Mwanangu Luhaga,

Mhola hapa, mhola huko. Precious asichapwe, baba yake aliandika jina lake kinyume mpaka darasa la tatu. Mvua zimekuja vizuri, pamba imefika magotini. Ng'ombe wa Machibya amezaa ndama mwenye baka usoni, wanamwita Padri.

Kifurushi nimepata. Simu uliyonishauri Krismasi nitumie sitaki, naichaji dukani kwa Kashindye na ujumbe wangu anausoma kabla yangu, tena anaujibu. Endelea kuandika.

Nimecheka na huo mkono wako! Kucha zimekatwa vizuri, pete kidoleni, mkunjo wa kitambaa kwenye kiwiko. Huyo mwanamke hajawahi kupalilia pamba hata mstari mmoja. Machibya ameufunga kama ulivyosema, amelalamika kwamba mlango wangu mzima haufiki thamani ya huo mkono. Nilimwambia agonge nikakaa kwenye cherehani. Luhaga, nilishtuka. Kitu kilipanda kutoka kwenye kanyagio kikaingia nyayoni, magotini, mpaka tumboni. Tangu ile homa iliyonichukulia masikio sijawahi kusikia mlango. Nililia kidogo, usimwambie mtu.

Ila kuna jambo ulilisahau kwa kukaa pwani. Hapa kwetu mtu anakuja na sauti yake. Anasimama nje ya ua, anaita hodi, anataja jina lake, anataja alikotoka. Anayegonga mlango kimya bila kutoa sauti, huyo watu hawamwiti mgeni. Kwa hiyo wanakuja, wanauangalia mkono, wanauogopa, wanarudi nyuma kupiga hodi kwa kiziwi. Wanapiga hodi weee, halafu wanaenda zao.

Anayeugonga ni Jenipha peke yake, mkwe wa Machibya, yule aliyeolewa na kijana wake aliye migodini. Analeta maziwa na mtoto wake Salu mgongoni, anamwachia Salu agonge. Halafu anakaa ananiandikia umbea kwa kidole kwenye vumbi. Ana mwandiko mzuri kuliko wako.

Sengi yako,
Kwandu

* * *

Bagamoyo, 24 Machi 2024

Sengi,

Shikamoo, na salamu zote za hapa. Nimeisoma barua yako kwa sauti kiwandani. Fundi Kasmiri alicheka kuhusu kupalilia pamba mpaka akaweka tupa chini.

Waambie hao waoga kwamba vibishio vina heshima yake duniani. Fundi amenisimulia kwamba Uajemi mlango mmoja ulikuwa na viwili, kizito cha wanaume na chepesi cha wanawake, ili aliye ndani ajue kabla ya kufungua ni nani aende mlangoni. Kwingine waliweka simba mwenye pete mdomoni. Na Uingereza ya zamani kulikuwa na kanisa lenye pete ya shaba mlangoni. Mtu aliyefukuzwa na watu wanaotaka kumuua akiwahi kuishika ile pete, hawakuruhusiwa kumgusa. Walinzi walikaa juu ya mlango usiku na mchana wakimngojea aje. Mimi nilipenda sana hiyo. Nilifikiri, mtu anakimbia, pumzi imeisha, halafu mkono unagusa shaba.

Mwambie Salu agonge kwa niaba yangu.

Luhaga

* * *

Bariadi, 19 Mei 2024

Mwanangu,

Salamu kwa wote. Nimechelewa, Marcelo alikuwa na gari bovu, na mimi nilikuwa na mengine.

Salu amefariki. Homa ilimpanda Jumatatu, Jumatano tukamzika. Nilimshonea sanda, kitambaa cheupe nilichokuwa nimekiweka kwa ajili yangu mwenyewe. Niliipeleka kwa Machibya. Asubuhi niliikuta imetundikwa juu ya ua wangu. Nadhani walikuwa wamepata nyingine.

Jenipha haleti maziwa tena. Ana mimba ya miezi mitano na ana msiba, sina la kumlaumu. Pamba imeanza kupasuka, wote wako shambani. Kuni zimekuwa shida, napikia samadi, moshi unaniua macho. Yamekuwa mekundu kabisa. Kama huko kuna dawa ya matone, mpe Marcelo.

Mkono unabishwa siku hizi. Mchana, wakati watu hawapo. Nafungua, sioni mtu. Watoto, nadhani.

Kwandu

* * *

Bagamoyo, 2 Juni 2024

Sengi yangu,

Pole, pole sana. Winnie amelia, ingawa alimwona Salu mara moja tu, ile Krismasi. Dawa ya macho iko ndani ya bahasha, tone moja kila jicho asubuhi na jioni. Usipikie samadi. Nimemwomba Marcelo akununulie mkaa, na usimkatalie.

Sengi, nakuuliza na naomba unijibu. Ni nani anabisha? Na kwa nini sanda ilirudi? Umeandika "nadhani" mara mbili. Wewe hujawahi kudhani kitu tangu nimekujua.

Nilikuwa mdogo lakini namkumbuka bibi Kija. Nakumbuka alinipa miwa. Nakumbuka macho yake, na yale watu waliyoyasema juu ya macho yake, kwamba ni ya mchawi, na asubuhi ile ulipoturudisha sote ndani ukafunga mlango kwa komeo ili tusione wanachobeba. Alikuwa na macho mekundu tu, sengi. Hakuwa na kitu kingine.

Ung'oe huo mkono. Utupe chooni. Nakuomba.

Luhaga

* * *

Bariadi, 30 Juni 2024

Luhaga,

Nyumba yako nzima naisalimu. Matone yamefika, macho yanawasha lakini yanafunguka.

Umeuliza, basi soma ukiwa umekaa. Jumapili baada ya misa, Veronica wa jumuiya yetu alinivuta nyuma ya kanisa akaniandikia kwenye kiganja, herufi moja moja, huku anaangalia pembeni. Machibya alikwenda kwa mfumu, yule mganga, kuuliza nani amemchukua mjukuu wake. Mfumu akamuuliza, kijijini kwenu kuna nini kipya? Akasema, kuna mkono wa shaba mlangoni kwa Kwandu, mimi mwenyewe nimeufunga, na mtoto alikuwa anaushika kila siku.

Mfumu akasema, huyo mama mnasema hasikii. Vizuri. Mjaribuni. Nendeni mchana wakati hakuna mtu wa kumwonyesha ishara, mkagonge, mjifiche. Kama ni kiziwi kweli hatafungua. Akifungua, basi hakusikia kwa masikio. Mkono ndio unamwambia.

Na mimi nimefungua, mwanangu. Kila mara nimefungua. Nilikuwa nafungua natabasamu, nikifikiri Jenipha amerudi.

Wewe unasema niung'oe. Fikiri kwanza. Sasa hivi mkono upo, wanauona ulipo. Siku nitakayoung'oa, kila atakayeumwa tumbo atasema umemshika yeye. Watauliza nimeutuma wapi. Ukiwa mlangoni angalau umefungwa kwa bolti.

Nilijaribu kumweleza Machibya habari za kanyagio. Alinisikiliza akiangalia macho yangu. Nilipofika kwenye kusikia kwa miguu, alirudi nyuma. Ukilisema kwa sauti, hata mimi niliyelisema naona ni maneno ya mchawi.

Naogopa, Luhaga. Nimeandika ili nisiliseme kwa mdomo.

Sengi

* * *

Bagamoyo, 14 Julai 2024

Sengi yangu mpenzi,

Sijalala vizuri tangu barua yako. Salamu zako nimezipeleka.

Ni mkono wangu uliokuletea haya. Nilitaka usikie mlango, nikakuletea kifo mlangoni. Nimempigia simu mtendaji wa kata, ameahidi kufika. Nimeongea na padri, yuko tayari kukupa chumba parokiani. Nenda, sengi. Nenda leo. Acha pamba, acha kuku, acha na cherehani.

Kama huendi, basi usifungue. Wakigonga wasikuone. Kaa hivyo hivyo, shona, usigeuze shingo.

Mimi nitakuja. Siyo wiki hii, kazi imebana kidogo, kuna hoteli inataka milango yake. Lakini nakuja.

Luhaga

* * *

Bariadi, 4 Agosti 2024

Mwanangu,

Salamu. Mtendaji alikuja na pikipiki, akawaita watu, akauliza nani anamtishia mama huyu. Watu wakaangalia viatu vyao. Akasema asisikie tena jambo hilo, akapanda pikipiki yake akaenda, na mimi nikabaki. Sasa wanasema nina watu serikalini.

Parokiani siendi. Bibi Kija alikimbilia kwa dada yake kwanza, umesahau? Walisema mbona anakimbia kama hana lake. Alirudi ili aonyeshe hana la kuficha.

Nimefanya ulivyosema, sifungui. Lakini hujui ulichoniambia nifanye. Nakaa, nashona kola ya shati la shule, halafu kinapanda. Nyayo, magoti, tumbo. Najua kuna mtu upande wa pili wa ubao, upana wa vidole viwili kutoka kwangu, ananingoja nikosee. Na mimi nashona. Nimeshona mifuko juu chini, nimeshona kidole changu mwenyewe, sikugeuka. Nilijaribu kuitenga cherehani na mlango, ikawa mbaya zaidi. Sasa nakaa siku nzima sijui kama amekuja au hajaja, nimeirudisha.

Sasa nikuulize na mimi. Barua yako ya mwisho mistari yake inapanda mlima, kama ya mtu aliyeandika amelala. Bahasha imeandikwa na Winnie. Karatasi inanuka dawa ya kidonda. Hoteli gani hiyo inayokulaza chali? Umeungua wapi?

Usije. Ukija utasimama mlangoni utagonga, na mimi sitajua ni wewe.

Kwandu

* * *

Bagamoyo, 25 Agosti 2024

Sengi,

Huna masikio lakini hakuna kinachokupita. Ni mguu wa kulia, kuanzia kifundo kwenda chini. Kalibu, yaani lile gamba la udongo, linatakiwa likauke kabisa kabla ya kumimina. Likibaki na unyevu kidogo, shaba ikiingia maji yanageuka mvuke na kitu kizima kinalipuka. Mtoto wa mwezi wa kwanza kazini anajua. Mimi nilimimina na unyevu, nilitaka kumaliza nije kwako. Fundi Kasmiri hajanisemesha kwa hasira, ila kila jioni anakuja kunibadilishia bandeji yeye mwenyewe.

Mguu upo. Nitatembea. Daktari hataki kuniambia lini.

Nimelala hapa naangalia dari na kila anayegonga geti nashtuka. Niandikie upesi, hata mstari mmoja. Usiniandikie kwamba huogopi.

Luhaga

* * *

Bagamoyo, 22 Septemba 2024

Sengi,

Sijapata kitu kutoka kwako tangu mwanzo wa Agosti. Marcelo anasema alipita na barua yangu, akagonga, hukufungua, akaisukuma chini ya mlango. Anasema hakuona moshi. Kashindye wa dukani hapokei simu yangu. Veronica simpati.

Alikuwa Marcelo, sengi. Alikuwa Marcelo tu, alikuwa na barua.

Kama upo, andika jina lako kwenye karatasi umpe. Jina tu.

Luhaga

* * *

Bariadi, 13 Oktoba 2024

Mwanangu Luhaga,

Kwandu. Kwandu. Kwandu. Haya, nimeandika mara tatu, mrudishie Winnie usingizi wake.

Mguu wako unisalimie. Usiukwangue ukiwasha. Moshi Marcelo hakuuona kwa sababu nilikuwa sipiki, nilikuwa natafuna michembe, vile viazi vilivyokaushwa, ili nisionekane nipo. Nilipoiona karatasi chini ya mlango nikachungulia dirishani, nikaona mgongo wa Marcelo unakata kona. Nilipiga dirisha kwa ngumi. Alikuwa ameshafika mbali. Barua yako ilikaa sakafuni na mimi nikakaa karibu yake, sikuisoma mpaka jioni.

Sasa nisikilize. Ilikuwa siku ya mnada, mwishoni mwa Septemba, hakuna mtu aliyebaki hapa ila kuku na mimi. Nilikuwa nashona. Kikapanda nyayoni. Nikainama, nikaendelea na pindo langu. Yule mtu wangu wa mchana namjua, anagonga haraka haraka anakimbia. Huyu aligonga mara moja, akanyamaza. Kikaja tena, chepesi zaidi. Kikanyamaza muda mrefu mpaka nikafikiri ameenda, halafu kikaja kidogo sana, kama mtu anayeuegemea tu ule mkono bila nguvu ya kuuinua.

Nilifikiri, wamebadilisha mtego. Nilisema kwa sauti, sitafungua, sijui kama nilipiga kelele au nilinong'ona. Halafu nikaikumbuka ile pete yako ya kanisani. Uliniandikia habari za anayekimbia, jinsi pumzi ilivyokwisha. Lakini yule mtu hata akiishika ile pete, si lazima kuwe na mtu ndani wa kumfungulia? Nilimchukia sana huyo mlinzi wako wa Uingereza wakati ule. Yeye alikuwa na ukuta na askofu. Mimi nina komeo la mti.

Nilifungua, Luhaga. Niliomba Salamu Maria mpaka "utuombee" nikafungua.

Alikuwa Jenipha. Ameushika mkono wa shaba kwa mikono yake yote miwili, ananing'inia, magoti yamekunjika, na maji yametiririka mpaka kwenye vumbi. Uchungu ulimkuta peke yake nyumbani. Alikuwa ameita, nadhani. Aliita kila upande na aliyebaki kijijini ni kiziwi. Vidole vyake ilibidi nivifungue kimoja kimoja.

Unaijua nyumba yangu ilivyo. Sikuweza kumfikisha kitandani. Nilifunga mlango, nikamlaza pale pale, mgongo wake kwenye ubao, na mtoto akaja mikononi mwangu kabla sijapata kitambaa. Wa kike. Niliona mdomo wake umefunguka na kifua kinatikisika, nikajua analia. Nilichana ile sanda ya Salu nikamfunika nayo, sikuwa na nyeupe nyingine.

Ndipo Jenipha akaruka. Alishtuka mwili mzima akauangalia mlango, akaliangalia bega lake lililoegemea, akaniangalia mimi. Na mimi nilikuwa nimeshajua, maana mguu wangu ulikuwa kwenye kanyagio. Kulikuwa na mtu anabisha. Jenipha akaweka kiganja kwenye ubao. Mtu akabisha tena. Mwanangu, nilimwona yule binti akisikia ninavyosikia mimi. Alianza kulia kwa namna ambayo haikuwa ya uchungu wa uzazi. Akashika chaki yangu ya kushonea, akaandika kwenye ubao wa mlango kwa ndani, kwa ule mwandiko wake mzuri ukiwa umepinda: NI MIMI NILIKUWA NABISHA MCHANA. BABA MKWE ALINITUMA.

Nilitaka kumpiga. Nilikuwa nimeshika mtoto, ikashindikana.

Aliyebisha alikuwa Machibya, ametoka mnadani, amefuata michirizi ya maji kutoka nyumbani kwake mpaka kwangu. Sikumfungulia. Alikwenda akarudi jua linazama na wenzake wa sungusungu, na marungu yao, na wengine walikuwa na vitu vingine sitaviandika. Niliwaona kwenye dirisha. Nilisema basi, ndiyo hii. Nilivaa ile khanga yangu ya Pasaka. Sijui kwa nini, niliona aibu kufa na khanga ya jikoni.

Jenipha alinitangulia. Hawezi kusimama, akasimama. Alifungua mlango, mtoto kifuani, akaongea nao. Mimi sikusikia neno, nilikuwa naangalia migongo ya masikio yake na nyuso zao. Alimshika Machibya mkono, baba mkwe wake, jambo ambalo mkwe hafanyi. Alimvuta ndani, akakibandika kiganja chake kwenye fremu, akamwonyesha azibe masikio kwa bega na mkono mwingine. Halafu akatoka nje akagonga.

Machibya ni seremala, Luhaga. Amepitisha zile bolti mwenyewe. Aliutoa mkono wake pale kwa haraka kama ameshika sufuria ya moto, akauangalia, akaurudisha taratibu. Jenipha akagonga tena. Machibya akakaa chini sakafuni kwangu, akaficha uso. Hakuniomba msamaha, na mpaka leo hajaniomba. Lakini wenzake walipotaka kujua, yeye ndiye aliyewaita waje waweke mikono. Walikuja mmoja mmoja. Mmoja hakutaka kuugusa ubao, alitema mate akaenda zake, na huyo ndiye ninayemuota.

Usifikiri yameisha. Kuna wanaosema sasa Jenipha nimemfundisha. Mfumu hajabadilisha neno lake. Machibya ameniletea mzigo wa kuni, ameuweka nje ya ua akaondoka bila kuniangalia. Jenipha analeta maziwa tena, anagonga, na mimi kila akigonga naacha kushona mpaka nauona uso wake.

Mkono upo. Umepata mng'aro pale vidoleni, pale Jenipha aliposhika na hao wengine waliokuja baadaye kujaribu. Hata ukija usiusugue, uache hivyo.

Pona, halafu njoo. Ukifika usirushe vijiwe batini, usichungulie dirishani. Bisha. Nikichelewa kufungua ujue bado naogopa, bisha tena.

Sengi yako,
Kwandu